Asidi ya laktiki inasingiziwa: kwa nini kushuka ngazi ndiko kunakokuumiza

Swali:

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Wiki tatu zilizopita nilianza mazoezi: napanda ngazi za jengo la ghorofa sita nikikimbia, nashuka, napanda tena, mara nne au tano, siku tatu kwa wiki. Haifiki dakika moja mapaja yanawaka moto na pumzi inakata, natweta mpaka naona aibu, ila nikipunguza mwendo na kujikaza kama dakika tatu, mwili unafunguka. Siku hiyohiyo sina lalamiko. Lakini kesho yake, na hasa keshokutwa, kushuka ngazi siwezi, hata kukaa kwenye kiti najitupa tu. Kocha anasema ni asidi ya laktiki imeganda kwenye misuli, na dawa yake ni kukimbia juu ya maumivu hayohayo mpaka itoke. Mwenzangu wa mazoezini anasema ni upungufu wa sukari, nilambe glukosi kabla ya kuanza. Nimsikilize nani? Isitoshe, hedhi yangu ni nzito na siku hizi nachoka ovyo, sijui kama linahusiana."

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Umenirahisishia kazi kwa kutaja dakika na siku, maana kwenye maumivu ya misuli swali la kwanza huwa ni "yalianza lini?" Umeniambia kuna moto unaokuja ndani ya dakika moja kisha ukaondoka, pumzi inayokata kisha ikarudi, na maumivu yanayosubiri siku nzima ndipo yafike. Kocha wako amevikusanya vyote akaitwika asidi moja. Hapo ndipo alipokosea. Lile linalokufanya ujitupe kwenye kiti keshokutwa halitokani kabisa na asidi, na ushahidi wake umeuandika mwenyewe kwenye barua: unaumia wakati wa kushuka. Lipo pia lile ulilolipachika mwishoni kwa neno "isitoshe". Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonifanya nisikawie kukujibu.

Tuingie kwanza ndani ya paja. Msuli wa mbele ya paja ni mafungu ya nyuzi nyembamba, na ndani ya kila uzi mna vipande vidogo vilivyoungana kimoja baada ya kingine kama pete za mnyororo. Kipande kimoja kina urefu wa mikrometa 2 hadi 2.5, yaani upange kama 400 hivi ndipo upate milimita moja. Ndani ya kila kipande mna protini mbili zilizopishana: miosini, iliyo nene na yenye vichwa vingi vilivyochomoza pembeni, na aktini, iliyo nyembamba. Wengi hudhani msuli ukikaza, nyuzi hizo hujikunja. Hakuna kinachojikunja. Aktini inateleza kando ya miosini, vinaingiliana zaidi, na kipande kizima kinakuwa kifupi. Vikundi viwili vya watafiti vilieleza hivyo mwaka 1954: Hugh Huxley na Jean Hanson upande mmoja, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande wa pili. (Hao akina Huxley wawili hawakuwa na undugu wowote. Ninaulizwa kila ninapolifundisha somo hili.)

Kazi ya kuvuta inafanywa na vile vichwa vya miosini. Ni kama watu wanaovuta kamba nzito: mkono unashika, unavuta, unaachia, unashika mbele kidogo, unavuta tena. Kila mvuto unasogeza kamba kwa nanomita chache tu, lakini vichwa ni vingi mno na vinavuta kwa zamu, ndiyo maana paja linaweza kuinua mwili mzima ngazi moja juu. Malipo ya kila mvuto ni molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati ndani ya mwili. Na hapa pana jambo ambalo watu hawalitarajii: ATP inahitajika hata ili kichwa kiachie kamba. Bila ATP msuli haulegei, unakakamaa ulipo. Maiti hukauka viungo saa chache baada ya kufa kwa sababu hiyohiyo: ATP imekwisha, vichwa vimeng'ang'ania kamba, na hakuna cha kuvibandua. Kwa hiyo mtu akikuambia mazoezi "yamemaliza nishati yote kwenye msuli", ujue si kweli. Msuli wa mtu aliye hai hauruhusu ATP iishe. Ikianza kupungua, mwili unapunguza kazi kabla hazina haijakauka, na kupunguza huko wewe unakuhisi kama kuchoka.

Sasa nikufuate kwenye ngazi zako.

Unaponyanyua mguu wa kwanza, mshipa wa fahamu unapeleka ishara, kalsiamu inamwagika ndani ya nyuzi, vichwa vya miosini vinapata nafasi ya kushika. ATP iliyokuwa tayari ndani ya msuli inatosha sekunde 2 au 3 za kazi ya nguvu zote. Hujafika hata kwenye kona ya kwanza. Inabidi nyingine itengenezwe papo hapo, na kitu cha karibu kabisa ni kreatini fosfeti, akiba ndogo inayorudisha ATP mara moja bila kusubiri oksijeni. Hiyo inabeba mzigo mkubwa kwa sekunde kama 10. Ni ghorofa moja hivi, labda mbili ukiwa mwepesi, na ndiyo maana mwanzoni unajiona una mbawa.

Baada ya hapo msuli unaegemea glaikojeni, yaani sukari ambayo umejiwekea wenyewe. Sukari hiyo ikivunjwa haraka bila kusubiri oksijeni, kila kipande cha glukosi kinatoa ATP 3. Kikichomwa taratibu kwa oksijeni ndani ya mitokondria, yale matanuru madogo ya nishati ndani ya chembe, kinatoa kama 30. Tofauti hiyo ni kubwa, na unaweza kujiuliza kwa nini mwili uchague njia ya hasara. Jibu ni kasi. Njia ya oksijeni ina faida kubwa lakini inachelewa kuamka: moyo uongeze mapigo, mishipa ya damu ya mapajani itanuke, mitokondria zenyewe ziongeze kasi. Kwa mtu mwenye afya inachukua dakika 2 hadi 3 mpaka uingizaji wa oksijeni ulingane na kazi unayoifanya, na kwa mtu aliyezoea kukaa kutwa inaweza kuchukua muda zaidi. Pengo hilo la mwanzo lazima lizibwe na kitu, na kinacholiziba ni kreatini fosfeti na ule uvunjaji wa haraka wa sukari.

Kwa hiyo kile unachokiita "mwili kufunguka" kina maelezo ya wazi kabisa. Unapunguza mwendo, mahitaji yanashuka. Wakati huohuo oksijeni inapanda. Vinakutana njiani, na ghafla unaona unaweza kuendelea. Mapafu yako hayakuwa yamekosa hewa. Unatweta hasa kwa sababu kaboni dioksidi na hali ya asidi kwenye damu vinaiambia ubongo ongeza pumzi. Aibu iweke kando, maana hata wakimbiaji wakubwa wanatweta wakianza kwa nguvu bila kupasha mwili. Na usidhani njia hizi zinapokezana kijiti, kwamba moja inafungwa ndipo nyingine ifunguliwe. Zote zinawaka kuanzia hatua ya kwanza. Kinachobadilika ni ipi inabeba zaidi. Ukikimbia kwa nguvu zako zote, ikifika dakika moja na robo hivi, karibu nusu ya nishati yote uliyotumia imetoka kwenye oksijeni.

Sasa huo moto. Sukari inapovunjwa haraka, laktati inaongezeka msulini na kwenye damu, na ndani ya msuli hali ya asidi inapanda. Watu wameviunganisha viwili hivyo wakaviita asidi ya laktiki, wakaifanya sumu. Sifa hiyo mbaya ni ya zamani. Otto Meyerhof na Archibald Hill walipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi yao kuhusu misuli, na sehemu kubwa ya ushahidi wa wakati ule ilitoka kwenye misuli ya vyura iliyokatwa na kutolewa mwilini. Msuli uliokatwa hauna damu inayopita, kwa hiyo laktati haina pa kwenda, inarundikana mpaka msuli unashindwa kukaza. Ndani ya mtu aliye hai mambo hayako hivyo. Laktati inatoka kwenye uzi mmoja na kuingia kwenye uzi wa jirani, inachomwa kama kuni. Moyo unaipenda sana. Ini linaichukua na kuigeuza glukosi tena, mzunguko ambao Carl na Gerty Cori waliueleza na uliohusika na tuzo yao ya Nobel ya mwaka 1947. Ni chakula kinachosafirishwa kutoka penye ziada kwenda penye uhitaji, na baada ya zoezi kali, ndani ya saa moja hivi, damu yako imerudi kwenye kiwango chake cha kawaida. Hakuna kilichoganda.

Je, basi haihusiki kabisa na moto wa mapajani? Inahusika, ila si peke yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, watafiti waliwadunga watu waliojitolea kwenye msuli wa kidole gumba: laktati peke yake, asidi peke yake, ATP peke yake. Hawakuhisi chochote cha maana. Vilipodungwa vyote vitatu pamoja, kwa viwango vinavyopatikana msulini wakati wa mazoezi, walihisi uchovu, na kwa viwango vya juu zaidi wakahisi maumivu. Kwa maneno mengine, ncha za neva msulini zinasoma mchanganyiko, kama kengele inayolia dalili kadhaa zikikutana. Ukipunguza mwendo damu inasafisha mchanganyiko huo na kengele inanyamaza. Ndiyo maana moto wako unazimika kwa dakika chache na hulali nao.

Upo ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi. Kuna watu wachache wanaozaliwa bila kimeng'enya cha kuvunja glaikojeni ya msulini, hali aliyoieleza daktari Brian McArdle mwaka 1951. Wakijikaza kwa mazoezi ya nguvu, laktati yao haipandi. Kama laktati ndiyo chanzo cha maumivu, hao wangekuwa na bahati kuliko sisi sote. Kinyume chake, misuli yao hukaza na kuuma vibaya sana wakifanya kazi ya ghafla.

Tuje kwenye keshokutwa, ambayo ndiyo kero yako kubwa. Kabla sijaeleza, fanya jambo dogo. Simama mbele ya kiti, mkono mmoja ukishika paja kwa mbele, juu ya goti kidogo. Kaa polepole sana, uhesabu mpaka tano kabla hujagusa kiti. Umesikia msuli ulivyo mgumu chini ya kiganja? Umekaza. Lakini goti linakunjika, kwa hiyo msuli huohuo uliokaza unanyooshwa, unarefuka. Unavuta huku unavutwa. Sasa simama: bado umekaza, ila safari hii unafupika, kazi yake ya kawaida. Ile ya kwanza ni kazi ya breki, na kushuka ngazi ni breki tupu. Kila hatua unashusha uzito wa mwili mzima juu ya goti moja linalokunjika.

Breki ni rahisi kwa pumzi. Mwaka 1952 Abbott, Bigland na Ritchie waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo, mgongo kwa mgongo, mmoja akanyage kwenda mbele na mwenzake azuie pedali zisimzidi nguvu. Wote wawili wanakabiliana na nguvu ileile, lakini anayezuia alitumia oksijeni kidogo sana kuliko anayekanyaga. Sababu ni kwamba msuli unaonyooshwa huku umekaza una nguvu zaidi kwa kila uzi, basi mwili unaita nyuzi chache tu. Nafuu kwa moyo, hasara kwa nyuzi hizo chache, kwa kuwa kila mmoja unabeba mzigo mkubwa kuliko kawaida yake. Vile vipande vya mnyororo havina nguvu sawa. Vilivyo dhaifu vinanyooshwa kupita kiasi, aktini na miosini zinakaribia kuachana, na baadhi ya maungio kati ya kipande na kipande yanachanika. Ni michaniko midogo isiyoonekana kwa macho, na siku ile ile hutaihisi sana. Kinachouma ni matengenezo. Katika saa zinazofuata chembe za kinga zinaingia, majimaji yanaongezeka, kemikali za uvimbe zinaamsha neva mpaka hata kuguswa kunauma. Kazi hiyo inafika kileleni kati ya saa 24 na 72. Theodore Hough alishahisi mwaka 1902 kwamba maumivu haya yanayochelewa yanatokana na michaniko ndani ya msuli, na hakuwa mbali.

Sasa linganisha na hoja ya asidi. Mwaka 1983 watafiti waliwakimbiza watu kwenye mashine dakika 45, mara moja kwenye tambarare na mara nyingine kwenye mteremko. Tambarare ilipandisha laktati, na hawakuumwa baadaye. Mteremko haukuipandisha, na siku zilizofuata wakaumwa. Kama asidi ndiyo mkosaji, ingekuwa kinyume. Na wewe mwenyewe: laktati inapanda ukiwa unapanda ngazi, ila keshokutwa unasumbuliwa na misuli ya mbele ya paja, ile ile iliyokuwa breki wakati wa kushuka, tena inalia zaidi unapoifanya breki tena.

Ushauri wa kocha basi una nusu ya ukweli. Ukitembea au kuendesha baiskeli taratibu siku ya maumivu, unapata nafuu, kwa kuwa damu inapita na neva zinatulia kwa muda. Endelea na hilo. Lakini kukimbia ngazi kwa nguvu, pamoja na kushuka, juu ya misuli iliyo katikati ya matengenezo, hakutoi kitu chochote. Kunaongeza mchaniko juu ya mchaniko, na kwa siku hizo mguu wako hauna nguvu zake kamili wala goti halitulii vizuri, kwa hiyo unaweza kuanguka. Kocha usimtupe, mpe barua hii asome. Kuhusu glukosi nitasema kidogo tu. Misuli yote ya mtu mzima huwa na gramu 300 hadi 500 za glaikojeni kwa jumla, na ini lina kama 100. Zoezi lako la dakika 20 haliwezi kumaliza akiba hiyo hata ukitaka. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari ana hesabu nyingine na azungumze na daktari wake. Wewe ambaye hujataja kisukari, glukosi ya kulamba ni utamu tu.

Ufanye nini? Unaweza kuacha mpaka maumivu yaishe kabisa, halafu uanze upya na nguvu zilezile. Hilo ndilo watu wengi hufanya, na ndilo linalowarudisha mwanzo kila mara. Unaweza pia kupanda kwa miguu na kushuka kwa lifti. Kwa wiki moja au mbili nakuruhusu, lakini si mpango wa kudumu, na sababu yake ni nzuri: msuli uliowahi kufanya kazi ya breki, hata kidogo, unajijenga dhidi ya mchaniko unaofuata. Kipindi kimoja kidogo cha kushuka kinaweza kukukinga kwa wiki kadhaa. Ukikwepa kushuka daima, siku utakayolazimika kushuka ghorofa sita kwa sababu lifti imeharibika utalia upya. Mimi ningechagua kupunguza breki bila kuiondoa. Wiki mbili zijazo shuka kwa kutembea, ukishika reli, ghorofa mbili tu kila siku ya zoezi, nyingine panda lifti. Kisha ongeza ghorofa moja baada ya siku mbili au tatu kadiri mapaja yanavyokubali. Ukiumwa kidogo kesho yake, hapana tatizo. Ukishindwa kukaa, ulizidisha.

Kwa upande wa kupanda, anza kwa dakika 5 hadi 10 za kutembea kwa mwendo unaoweza kuzungumza. Hiyo inaamsha njia ya oksijeni kabla hujaidai, na utaona moto ule wa dakika ya kwanza umepungua sana. Ukitaka kukimbia, kimbia sekunde 20 au 30, kisha tembea dakika 3. Kreatini fosfeti inarudi nusu yake kwa takriban sekunde 30 na karibu yote kwa dakika 3 hadi 5, ndiyo maana mtu akipumzika vizuri anaweza kurudia kazi ileile bila kuanguka. Ukipumzika sekunde 20 tu, kila raundi unaianza na deni.

Maji kunywa kwa kiu yako. Kunyoosha viungo baada ya zoezi hakuzuii maumivu haya kwa kiasi cha maana, ingawa kama unakupenda hakudhuru. Kukandwa kunatuliza. Vidonge kama diklofenaki au ibuprofeni sipendi uvifanye mazoea ya kila zoezi, hasa ukiwa umetoka jasho sana na hujanywa maji, kwa sababu figo ndizo zinazolipa. Na usiyatafute maumivu kama risiti ya kuonyesha umefanya kazi. Baada ya wiki chache utaumwa kidogo sana na msuli utakuwa umekua vilevile.

Zipo dalili ambazo hazingoji jibu la barua. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawa nyeusi au soda nyeusi baada ya zoezi, mapaja yakavimba na kuwa magumu, au nguvu zikapotea kabisa mguuni, nenda hospitali siku hiyohiyo. Msuli ukiharibika kupita kiasi humwaga protini kwenye damu na figo zinaweza kuziba. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu anayefanya mazoezi makali kwenye joto bila kuzoea, na kwa mwenye vinasaba vya selimundu hata kama haugui ugonjwa wenyewe. Anayetumia dawa za kolesteroli za aina ya statini naye amweleze daktari maumivu yoyote mapya ya misuli. Kifua kubana wakati wa kupanda, maumivu yakienda mkononi au tayani, kizunguzungu kinachokuangusha, moyo kupiga ovyo: acha palepale, tafuta msaada. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, hilo pia si la mazoezi mpaka damu iliyoganda iondolewe kwenye orodha. Na maumivu ya kawaida yanapaswa kuwa yanapungua kufikia siku ya nne au ya tano. Yakizidi, mtu aushike mguu huo na kuuchunguza.

Nikamalizie na "isitoshe" yako. Nimeeleza kwamba oksijeni inachelewa dakika 2 hadi 3 kwa mtu yeyote. Lakini inasafirishwa na hemoglobini, na hemoglobini inahitaji madini ya chuma, na mwanamke mwenye hedhi nzito anayapoteza kila mwezi. Ukiwa na upungufu, moyo unapiga haraka kufidia, unatweta kwa kazi ndogo, mapaja yanategemea zaidi ile njia ya haraka ya sukari, na siku nzima unachoka bila sababu unayoiona. Yote hayo yanafanana na kutokuwa na mazoezi, na wanawake wengi huambiwa wajikaze. Inawezekana hemoglobini yako ni nzuri kabisa na ni kazi ya kukaa tu iliyokulegeza. Kwa macho na kwa barua siwezi kujua, na kocha pia hawezi. Kabla ya wiki yako ya nne ya mazoezi, nenda kapime damu: picha kamili ya damu pamoja na feritini, ambayo ni akiba ya chuma, kwa sababu akiba inaweza kuwa imeisha na hemoglobini ikaonekana bado ipo. Usianze vidonge vya chuma kwa kukisia. Mweleze daktari pia hiyo hedhi ni ya siku ngapi na unabadilisha pedi mara ngapi kwa siku, maana huenda chanzo kiko kwenye mfuko wa uzazi na kina tiba yake. Mpaka majibu yatoke, tembea ngazi, usizikimbie.